Daraja Nililolitia Katika Filamu ya Noeli

Mikro yangu ya kusemea nimeirudisha. Niliiweka juu ya meza ya studio, nikazungusha waya wake vizuri, na kijana aliyeipokea akasema, "Maman Béata, hii tutaitundika ukutani kwa heshima, maana leo tunarekodi na kompyuta." Mikro ile imekula mate yangu kwa miaka mingi kuliko umri wake, na sasa itakula vumbi.

Mmeniomba niandike kidogo jinsi kazi ilivyokuwa, kabla sijaenda kuangalia maharagwe yangu Gihundwe. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara nitauruka kwa sababu hiyohiyo. Nitaandika kazi yenyewe, kufasiri filamu: kukaa kando ya televizio na kuwasemea watu wa kwenye kioo, papo hapo, kwa maneno ambayo mama muuza ndizi wa hapa Kamembe, upande wa Rwanda, anayaelewa. Na nitamjibu Diane wenu wa hapa studio, ambaye mwaka jana aliniuliza swali nikajifanya natafuta miwani. Aliuliza kwa nini katika filamu zangu hakuna mto wenye jina wala daraja lenye jina, wakati wafasiri wenzangu wote wanajaza Kigali na Bukavu humo ndani. Diane, kaa. Jibu ni refu.

Nimezaliwa Bukavu ya Congo, mtaa wa Kadutu, kwa wazazi waliovuka kutoka Rwanda nikiwa bado sijawa hata wazo. Karibu na nyumba yetu kulikuwa na sale ya video, chumba chenye mabenchi kumi na pazia zito la kuzuia mwanga, na aliyesema humo alikuwa Papa Lukogo. Watu hawakuja kuona filamu, walikuja kumsikia Papa Lukogo. Mimi nilikuwa fundi cherehani mchanga, na siku hiyo niliitwa kushona pazia lililochanika. Katikati ya filamu ya karate koo lilimkauka mzee, sauti ikakatika kabisa. Akanipa mikro.

"Sema," akaninong'oneza.

"Niseme nini, Papa?"

"Kile unaona. Na kile hauone, kitafute."

Nikasema. Kichina sikijui, basi nikamfanya yule bingwa wa karate amgombeze adui yake kwa kukanyaga mihogo ya mama mkwe. Sale nzima ilicheka, isipokuwa baba mmoja wa benchi la nyuma aliyesimama na kuuliza tangu lini karateka akawa na sauti ya mwanamke. Papa Lukogo alimwonyesha kwa kidole akae, naye akakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza. Pazia nililimalizia Jumatatu.

Alinifundisha miaka minne. Filamu uitazame kwanza peke yako, bila sauti, na uangalie mikono, maana uso wa mwigizaji unajua kudanganya lakini mikono inasahau. Ukae kiupande, jicho moja kwenye kioo na jingine kwa watu. Mikro uifunge kitambaa ili pumzi isipige kelele. Unywe maji ya uvuguvugu wala si bia, ingawa yeye mwenyewe alikunywa bia. Na juu ya yote, filamu uihamishe. Mji wowote ukitokea, ni Bukavu. Soko lolote ni la Kadutu. Mto wowote ni Rusizi, hata ukiwa na meli tatu zinazowaka moto. "Muntu hawezi kulilia fasi hajue," alikuwa akisema, yaani hakuna anayelilia mahali asipopajua. Sote aliotufundisha tulifanya hivyo, na wale tuliowafundisha sisi wanafanya hivyo mpaka leo. Mbinu ni nzuri. Nasema hivyo nikijua nitakachosimulia hapa chini.

Baada ya mambo ya tisini na nne wazazi wangu wakasema tunarudi. Kwao ilikuwa kurudi, kwangu ilikuwa kwenda, ingawa kutoka Bukavu mpaka Kamembe hata kwa miguu unafika kabla jua halijachachamaa. Kinyarwanda changu kilikuwa cha jikoni na watu walikicheka, lakini Kamembe ilikuwa imejaa watu kama mimi, waliokulia Congo, ambao wakijikwaa kinachowatoka ni Kiswahili. Paroisi moja ilikuwa na sale, televizio yenye mgongo mkubwa, deki ya kaseti, na groupe ya kutoa umeme. Nikaomba kazi. Padri akaniuliza kama najua Kiingereza. Nikamwambia najua filamu.

Vifaa vile nyinyi hamvijui, na sitawaonea wivu kwa hilo. Deki ilikuwa na tabia ya kutafuna kaseti. Ukanda ukitoka nje, unaurudisha polepole kwa kalamu ya risasi iliyochomekwa kwenye tundu, huku watu wanakupa mashauri. Kichwa cha deki unakisafisha kwa pamba na pombe ya hospitali kila baada ya filamu tatu. Groupe nayo ilipenda kuzimika pale shujaa anapotaka kufa. Hapo huruhusiwi kupumzika. Unaendelea kusema bila picha, shujaa anatoa wosia, anasamehe ndugu zake mmoja mmoja, mpaka fundi avute kamba na mwanga urudi. Mara moja mwanga uliporudi shujaa alikuwa ameshazikwa na mimi bado namsemea. Watu walinikumbusha jambo hilo miaka mitano.

Halafu vita ya kwanza ya Congo ikafika Bukavu. Watu walimiminika, wengine kuelekea msituni, wengine kuvuka daraja kuja kwetu, na katika msukumano ule watoto wakabaki mikononi mwa watu wasiowajua. Juu ya kilima, si mbali na sale yetu, kikafunguliwa kituo cha watoto hao. Aliyekiongoza alikuwa Masera Domitila, mtawa mrefu, mkavu, ambaye hata sala aliisali kama anayeagiza simenti. Alikuja akanikuta nasafisha deki.

"Wewe njo ule wa sauti?" akauliza, yaani kama ni mimi ndiye yule wa sauti.

"Ndiyo, Masera."

"Niko na batoto mia na kitu. Hawacheki. Kila siku ya posho, mchana, utakuya."

Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwetu. Nikaenda, na nikaharibu mara ya kwanza. Nilipeleka filamu ya kuchekesha ambayo nilikuwa nimeshaifasiri mara nyingi, nikasahau kwamba katikati mlikuwa na bunduki moja ya mzaha. Iliposikika, sale ilibaki na mabenchi tu. Watoto wote walikuwa chini yake. Tangu siku hiyo kila kaseti niliipitia kwa sikio kabla ya jicho. Na ndege ikipita kuelekea uwanja wa Kamembe, nilibonyeza deki isimame, wote tukaitazama dari mpaka ipite, ndipo tukaendelea. Hakuna aliyenifundisha hilo, hata Papa Lukogo.

Kati ya watoto hao alikuwemo Solange. Alikuwa na miaka kama tisa, mwembamba, mwenye kauli. Babake alikuwa seremala Bukavu, na mamake alikuwa ameshafariki kabla ya vita. Siku ya kukimbia, baba na mtoto walikuwa wameshikana mikono. Mtu mwenye godoro kichwani akapita katikati yao, na godoro lilipopita mkono haukuwepo. Hivyo ndivyo alivyonisimulia, bila kulia, akilaumu zaidi godoro. Picha yake ilibandikwa ubaoni pamoja na za wenzake, huku na ng'ambo, na wale watu wa kutafuta jamaa walikuwa wakipita na madaftari yao. Watoto wengi waliitwa majina, wakafungasha, wakaenda. Mwaka mzima ukapita na Solange hakuitwa. Kila nilipofika alikaa karibu na deki na kunikosoa. "Maman Béata, huyu wiki iliyopita ulimwita Josefu, leo unamwita Petero."

Noeli ikakaribia. Mgeni mmoja aliyepita kituoni aliacha kaseti ya filamu ya kuchorwa, ya watoto, ya Kiingereza kitupu, na kwenye jalada palikuwa na mzee wa ndevu nyeupe na mfuko mgongoni. Nikaitazama mara mbili bila sauti, kama nilivyofundishwa. Hadithi kwa macho ilikuwa hivi: kuna mji wa theluji ambao watu wake wazima wameacha kumwamini Papa Noeli. Wananunua zawadi dukani, wananuna, wanafunga madirisha. Msichana mmoja mdogo mwenye viatu vyekundu ndiye peke yake anayeamini. Anachukua fagio, anakwenda kwenye daraja la mji lililofunikwa na theluji, anaanza kufagia ili yule mzee apate pa kupita. Watu wanamcheka. Anafagia. Mwishoni mzee anatokea ng'ambo, anavuka, anainama, anamwambia mtoto maneno marefu sana, na wote wawili wanalia. Maneno hayo yalikuwa marefu kweli, kama dakika mbili nzima, na mimi sikuelewa hata moja.

Jumamosi ile sale ilijaa. Theluji ilinisumbua mapema. Nikasema ni baridi iliyoganda, hawakunielewa. Mmoja akasema ni unga wa muhogo, wote wakakubali, nami nikaona afadhali twende. Dakika tano baadaye wakaanza kukasirika: mbona watu wazima wanakanyaga unga na viatu? Ikabidi nitangaze kwenye mikro kwamba unga ule umeharibika na hauliki. Wakatulia, ingawa shingo upande.

Yule msichana nikampa jina Nabintu. Mji nikauita Kamembe. Na daraja, kwa mazoea ya mdomo, nikaliita daraja la Rusizi ya kwanza, hili letu la mpakani la kuvukia kwenda Bukavu. Nikaweka na mabarija wanaobeba mizigo, nikaweka na afande wa mpakani aliyemzuia Nabintu kwa kuwa hana karatasi. Watoto walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Basi mzee alipofika kwenye yale maneno yake marefu, nami sina la kusema, nikatafuta kile nisichokiona. Nikasema kwa sauti nzito: "Nabintu, mutoto wangu, mimi nilikuwa tu hapa ng'ambo siku zote. Sikukusahau. Njia njo ilikuwa imefungwa. Ule anafagia daraja kwa ajili ya muntu wake, muntu wake atavuka." Walipiga makofi mpaka Masera akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Nilirudi nyumbani nikijipongeza. Nilijiona nimemshinda Papa Lukogo.

Mkesha wa Noeli, asubuhi, Maman Furaha, mama anayevusha nyanya kwenda Bukavu, alipita sale na beseni lake tupu.

"Maman Béata, kule darajani kuko katoto kanafagia. Kanasema ni wewe ulikatuma."

Sikumwuliza ni mtoto gani. Nilishuka ule mteremko kwa miguu yangu ya mwanamke wa kukaa, na nilipofika nilimkuta Solange katikati ya mbao za daraja na fagio la jikoni la kituo, ameinama, anafagia matope na maganda ya miwa kuelekea mtoni. Wabebaji walikuwa wanamkwepa na magunia yao. Afande wa upande wetu alikuwa amesimama na mikono kiunoni.

"Maman, nimemufukuza mara tatu," akasema. "Ananijibu, afande, songa kidogo, hapo chini ya viatu bado."

Mtoto alikuwa amefagia nusu yetu mpaka kwenye mstari, na sasa alikuwa anabishana na askari wa Congo kuhusu nusu nyingine. "Yako ikibaki muchafu, kazi yangu ni ya bure," alikuwa anamwambia. Yule askari akamtazama, akawatazama wenzake, akasogea. Solange akafagia Congo.

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nilimngoja amalize, nikamshika mkono, tukapanda. Nilijiambia ni Noeli, mtoto asivunjwe moyo siku ya Noeli. Huo ulikuwa uoga, na niliujua kuwa ni uoga wakati uleule. Masera alinitolea macho jikoni: "Wewe njo uliweka, wewe njo utatoa." Nikamwahidi. Kesho yake Solange akashuka tena na fagio, na mimi nikashuka nyuma yake, na ahadi ikashuka nasi. Hivyo kwa wiki tatu, kila asubuhi. Wabebaji wakamzoea, akina mama wa nyanya wakaanza kumwachia ndizi, afande akamwekea kigogo cha kukalia. Walimwita kale katoto ka daraja. Mimi nilisimama pembeni na kaseti kwenye mfuko, nikisema kesho.

Ni yeye aliyenilazimisha. Asubuhi moja aliacha kufagia, akaja akakaa kando yangu kwenye ukuta wa ofisi ya mpakani.

"Maman, Nabintu alifagia siku moja tu. Miye ni siku ngapi? Juu ya nini papa haje?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba daraja la kwenye filamu si letu, ni la nchi ambayo hata mimi siijui. Kwamba Nabintu si Nabintu. Kwamba lugha yao siijui.

"Na maneno ya ule mzee?"

"Niliyaweka mimi."

"Yote?"

"Yote, mutoto wangu."

Hakulia. Alisimama, akaliegemeza fagio ukutani kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine, akapanda kilima peke yake. Nilimfuata kwa mbali. Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye filamu kwa sababu ilikuwa lazima, akakaa amekipa kioo mgongo. Hakunikosoa majina. Nilimwita shujaa mmoja kwa majina matatu makusudi, na hakugeuka. Niliona haya, niseme wazi, na pia nilijiona nimefanya haki.

Zikapita kama siku nane. Maman Furaha akanikuta sokoni.

"Kale katoto kako wapi?" akauliza. "Kuko baba mumoja alikuya ng'ambo, siku mbili anasimama kwa mustari. Hana karatasi ya kuvuka. Anasema alisikia wabebaji kule Kadutu banaongea juu ya katoto kanafagia daraja, anataka kukaona. Tukamwambia kaliacha. Akangoja, akaenda."

Nilishika meza yake ya nyanya. "Ni baba gani? Jina?"

"Maman, nilikuwa na mzigo kwa kichwa. Anachechemea. Na penseli iko nyuma ya sikio."

Penseli nyuma ya sikio, na babake Solange alikuwa seremala. Nilikwenda Bukavu kesho yake, nikazunguka Kadutu niliyokulia, karakana kwa karakana, nikimtafuta seremala anayechechemea. Mji ulikuwa umejaa maseremala na umejaa wanaochechemea. Jioni nikarudi mikono mitupu. Solange sikumwambia kitu. Nilikuwa nimeshamwambia hadithi moja isiyo na mwenyewe, ya pili sikuthubutu. Na lile lililonitesa ni rahisi kulieleza: kama mtu yule ndiye, basi mtoto alikuwa karibu kumpata kwa uongo wangu, na nimempotezea kwa ukweli wangu.

Fagio lilikuwa bado pale ukutani. Afande alikuwa amelifanya lake. Nikaliomba. Akaniuliza la nini, nikamwambia nafagia. Nilikuwa sauti inayojulikana Kamembe nzima, na kuanzia asubuhi ile nilifagia daraja la Rusizi ya kwanza, nusu yetu na nusu yao, mbele ya watu wote. Walicheka. "Leo ni filamu gani, Maman?" wabebaji waliuliza. Mmoja alisimama kabisa, akaweka gunia chini, ili anisikie nikisema kwa sauti ya karateka. Msifikiri nilikuwa naamini. Sikuamini kitu. Sikuwa tu na njia nyingine ya kumwambia mtu nisiyejua alipo arudi pale alipomkosa mtoto. Masera alisikia, na tangu siku ya tatu mpishi wa kituo aliniletea chai ndani ya chupa.

Nilifagia siku kumi. Ya kumi na moja ilikuwa na mvua nyepesi, na mbao zilikuwa zinateleza. Nilikuwa nimeinama nilipoona viatu viwili kwenye mstari, kimoja kimechakaa upande. Nikainua macho mpaka kwenye penseli.

"Maman, samahani," akasema. "Balisema ni katoto."

"Kalikuwa katoto. Unatafuta nani, Papa?"

Alijibu kama mtu ambaye ameshajibu swali hilo mara nyingi na hapendi tena sauti yake mwenyewe. "Solange," akasema. "Iko na miaka kumi sasa. Anasemaka sana."

Nikamwambia yupo. Yule mtu akakaa chini, palepale kwenye maji, juu ya mbao nilizokuwa nimezifagia. Alikuwa ametupwa na vita mbali sana ndani ya misitu, mguu ukavunjika huko, na Bukavu alikuwa amerudi miezi miwili tu. Picha za ubaoni hakuziona. Alichosikia ni maneno ya wabebaji. Afande wetu akamtazama, akaingia ofisini, akatoka na karatasi ya siku moja iliyopigwa muhuri, na hakutaka ashukuriwe.

Masera hakumpeleka kwa mtoto moja kwa moja. Alikuwa ameona akina baba wa uongo, na alikuwa ameona watoto wanaokubali baba yeyote. Alimkalisha kwenye kiti, akamuuliza jina la mama wa mtoto, jina la jirani, na mbwa wa jirani alikuwa rangi gani. Kisha akaenda jikoni, ambako Solange alikuwa zamu ya viazi, akamuuliza yaleyale kama mazungumzo tu. Akarudi, akafunga daftari, akaniambia nimwite.

Nikamwita. Alitokea mlangoni pa jikoni, juu ya vidaraja viwili vya saruji vya kushukia uani, na kisu cha kumenyea mkononi. Babake alikuwa amesimama uani. Mtoto alimtazama kwa muda mrefu, mguu ule, penseli, uso uliokonda. Kisha akanigeukia mimi.

"Maman Béata," akasema, "huyu ni wa kweli, ao ni wewe umemuweka?"

Katika miaka yote ya kazi hii hakuna sentensi iliyonipiga kama ile, na ndiyo sababu, Diane, sijataja tena jina la mto wala la daraja katika filamu. Nikamwambia ni wa kweli, huyu sikumweka mimi. Akatikisa kichwa.

"Apana wewe. Aseme yeye."

Basi yule mwanamume akasema. Alitamka jina fupi la nyumbani, ambalo hatujawahi kulisikia kituoni na ambalo sitaliandika, maana si langu la kumsemea mtu. Solange aliruka vidaraja vyote viwili kwa pamoja, akamwangukia kifuani na kisu bado mkononi, na Masera Domitila, ambaye sijamwona akilia kabla wala baada, alikuwa analia huku anawakimbilia na mkono umenyooka: "Kisu, Solange. Mutoto wangu, kisu."